Mawingu Si Mvua

Msomaji kijana, pana methali ambayo hapana shaka umeisikia tangu utotoni, nayo yasema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Aghalabu watu huitumia kama vile mtu afungavyo mlango. Jirani ameshukiwa jambo, maneno yamenong'onwa kisimani na sokoni, mmoja akaitamka methali hii, na mazungumzo yakaisha kana kwamba hukumu imekwisha tolewa. Walakini methali yenyewe haikusema hivyo. Haikusema kwamba mawingu ni mvua. Mkulima wa Ukambani amekwisha kutazama mawingu mengi mazito yakipita juu ya shamba lake na kwenda zao, lisianguke hata tone moja. Neno alijualo kwa yakini ni jingine: siku ambayo mbingu i safi toka upande huu hata upande ule, hana haja ya kuharakisha kuingiza nyumbani mahindi aliyoyaanika.

Angalia tofauti iliyopo hapo. Wingu lililopo lamwambia mkulima kidogo. Wingu lisilokuwapo lamwambia mengi. Nataka tulifikirie jambo hili pamoja, kwa sababu twahukumiana kwa dalili kila siku, na ni wachache wajiulizao dalili waliyo nayo mkononi ni ya namna gani. Je, ni ile iwezayo kumtia mtu hatiani, au ni ile ambayo uwezo wake wote ni kumwondolea mtu shaka, basi? Mfano nitakaoutumia nimeutoa mahali ambapo huenda hukupatazamia, yaani ndani ya damu. Nimeuchagua kwa kuwa ndani ya damu hamna chuki wala ukoo, na kosa la kufikiri huonekana wazi zaidi likiwa halikuvikwa nguo za ugomvi wetu.

Wajua kwamba ukijikata kwa kisu damu hutoka, kisha baada ya dakika chache huganda. Katika majimaji ya damu, ambayo wataalamu huyaita plazma, huelea protini moja iitwayo fibrinojeni. Mshipa upasukapo, kimeng'enya kiitwacho thrombini hukata vipande vidogo vidogo kutoka katika fibrinojeni, nayo hugeuka kuwa nyuzi za fibrini. Nyuzi hizo hujipanga zenyewe, kisha huja kimeng'enya kingine kikazifunga, uzi kwa uzi, kama mvuvi afungavyo mafundo ya wavu wake. Chembe za damu hunaswa humo, bonge likawa gumu, na jeraha likazibwa.

Kazi hiyo ni nusu tu ya kazi yote. Kama bonge lingalikaa mahali pake milele, kila mshipa uliopata kuumia ungalizibika daima. Kwa hiyo mwili una fundi wa pili, naye ni plasmini, ambaye kazi yake ni kuukatakata wavu ule polepole kadiri jeraha liponavyo. Watu walichukua muda mrefu kumtambua fundi huyu. John Hunter, mpasuaji mashuhuri wa London aliyefariki mwaka 1793, aliona kwamba damu ya watu wengine waliokufa kwa ghafula haikuganda kama ilivyotazamiwa. Mwaka 1933 William Tillett na mwenzake R. L. Garner, huko Baltimore katika Marekani, waliona majimaji yaliyotoka kwa bakteria wa jamii ya streptokoki yakiyeyusha bonge la fibrini ndani ya kioo. Basi ikadhihirika kidogo kidogo kwamba mwili hujenga na kubomoa, na kwamba afya ni mizani baina ya wajenzi na wabomoaji.

Sasa sikiliza neno ambalo mfano wetu wote wasimama juu yake. Plasmini ikatapo wavu haiwezi kufungua mafundo. Yaweza kukata nyuzi zilizo baina ya fundo na fundo tu. Kila molekuli ya fibrinojeni ina sehemu tatu kubwa, moja ya katikati ambayo imepewa jina la E, na mbili za ncha ambazo kila moja yaitwa D. Fundo hufungwa mahali ambapo D ya molekuli moja imekutana na D ya jirani yake. Wavu ukikatwakatwa, katika mabaki yake hupatikana kipande chenye D mbili zilizoshikana, ambazo hapana plasmini iwezayo kuzitenga. Kipande hicho chaitwa D-dimeri, na maana ya dimeri ni kitu cha sehemu mbili. Mwaka 1983 watafiti wa Australia walieleza njia ya kukipima katika damu kwa kutumia kingamwili zilizotengenezwa makusudi kukishika, na tangu hapo kipimo hicho kimeenea katika hospitali za dunia nzima.

Fikiri, basi, ni shahidi wa namna gani huyu. Ili kipande kile kionekane katika damu, sharti mambo matatu yawe yametukia: fibrini imefanyika, fundo limefungwa, na plasmini imepita na kisu chake. Juu ya mambo hayo matatu shahidi wetu ni mkweli. Lakini ukimwuliza ni wapi katika mwili, hajui. Ukimwuliza ni kwa sababu gani, hajui. Ni kama kipande cha wavu kilichookotwa pwani: chajulisha kwamba mvuvi alikuwako, wala hakitaji jina la mvuvi wala la mtumbwi wake.

Madaktari walimhitaji shahidi huyu kwa ajili ya ugonjwa mmoja wa hatari. Pengine bonge hujifanya mahali lisipotakiwa, mathalani katika mshipa wa ndani wa mguu wa mtu aliyelala kitandani siku nyingi baada ya kupasuliwa. Bonge hilo laweza kung'oka, likachukuliwa na damu kupitia moyoni hata pafuni, na huko likaziba njia. Rudolf Virchow, daktari wa Ujerumani, aliieleza safari hiyo katika karne ya 19, na jina la embolia limetoka kwake. Mgonjwa hushikwa na maumivu ya kifua, pumzi humwia nzito, na pengine hufa siku ile ile. Tena maumivu ya kifua na uzito wa pumzi yana sababu mia nyingine, nyingi zikiwa hazina hatari kubwa. Daktari hana budi kuchagua.

Bonge jipya lenye ukubwa wa kudhuru huanza kushambuliwa na plasmini mara moja, ijapokuwa plasmini haijalishinda. Kwa hiyo mtu mwenye bonge la namna hiyo karibu siku zote huwa na vipande vingi vya D-dimeri katika damu yake. Njia nyingi za kupima huweka mpaka kwenye nanogramu 500 kwa kila mililita. Ikiwa daktari hakuwa na shaka kubwa tangu mwanzo, na damu ikaonekana iko chini ya mpaka huo, aweza kumwambia mgonjwa arudi nyumbani, wala hatakuwa amemdanganya. Mbingu i safi.

Je, ikiwa juu ya mpaka? Hapo ndipo wengi wakosapo njia, na si wagonjwa peke yao. Mama mjamzito huwa na vipande vingi, tena huongezeka kadiri mimba inavyokua. Aliyepasuliwa juzi anavyo, kwa sababu jeraha lake lajengwa na kubomolewa saa zote. Mwenye nimonia anavyo. Mwenye saratani, mwenye ini lililoharibika, mwenye ugonjwa wa selimundu ambao jamaa nyingi za Nyanza na za pwani zaujua sana, wote hawa yamkini wanavyo. Hata mzee asiye na ugonjwa wowote huwa navyo kuliko kijana, kwa sababu ya umri wake tu.

Jambo hili laweza kukuwia gumu kwa kuwa linahusu vitu usivyoviona, kwa hiyo tulihamishe shuleni. Fedha zimepotea bwenini Jumanne alasiri, na mwalimu auliza swali moja: nani alikuwako shuleni siku hiyo? Juma alikuwa amelazwa hospitali mjini tangu Jumatatu, na barua ya muuguzi yashuhudia. Swali moja limemtoa Juma katika kundi la washukiwa, na hapana mtu mwenye akili atakayemrudisha humo. Otieno alikuwako. Swali lile lile limesema nini juu ya Otieno? Limesema kwamba yu miongoni mwa wanafunzi 300 waliokuwako. Jibu la hapana lilikuwa na nguvu ya kumfungulia Juma mlango. Jibu la ndiyo halina nguvu ya kumfungia Otieno. Wala usifikiri kwamba swali lilikuwa baya. Lilikuwa swali jema sana kwa kazi yake. Ubaya ungaliingia kama mwalimu angalilipa kazi isiyokuwa yake.

Hebu tufanye hesabu, kwa kuwa hesabu haioni haya mbele ya mtu. Nazibuni tarakimu hizi kwa ajili ya mfano, lakini hazikuwa mbali sana na mambo yanavyokuwa. Watu 1,000 wamefika hospitali na maumivu ya kifua, na shaka juu yao ni ndogo. 50 wana bonge kweli, na 950 hawana. Kipimo kinawashika 48 katika wale 50. Katika wale 950, kinawaondolea shaka 400, na 550 kinawanyoshea kidole. Waliooneshwa kidole, basi, ni 598 kwa jumla, na wenye bonge kati yao ni 48. Hao ni kama 8 katika kila 100. Waliofunguliwa ni 402, na wenye bonge kati yao ni wawili, yaani nusu ya mtu mmoja katika kila 100. Kabla ya kupima, shaka yetu juu ya kila mmoja ilikuwa 5 katika 100. Jibu la ndiyo limetupeleka kutoka 5 hata 8. Jibu la hapana limetushusha kutoka 5 hata nusu. Ukimwona mtu akilia kwa sababu ameambiwa kwamba kipimo chake kimepanda, jua kwamba hapana aliyemfanyia hesabu hii.

Katika shule moja niliyofundisha miaka kadhaa iliyopita, shilingi 4,000 za safari ya wanafunzi zilitoweka katika sanduku la kiranja. Palikuwa na mama mmoja aliyefagia mabweni. Mwanafunzi akasema kwamba alimwona akitoka bwenini saa tano asubuhi. Neno hilo lilikuwa kweli tupu, na mama mwenyewe alilikubali bila kusita. Mkutano wa wakubwa wa shule ulikaa muda mfupi kuliko ule wa kuchagua rangi ya fulana za mpira, na kabla ya mwisho wa juma mama alikuwa amelipwa siku zake na kuambiwa asirudi. Hapana aliyeuliza kwamba mama huyu huonekana akitoka bwenini siku ngapi katika juma. Zilikuwa siku tano, saa ile ile, kwa miaka sita, maana ndiyo kazi aliyoandikwa kuifanya. Aliyezichukua fedha hakujulikana kamwe. Huenda alikuwa mama yule. Sisemi kwamba siye. Nasema kwamba dalili iliyomfukuza isingaliweza kuipambanua siku ya wizi na siku nyingine yoyote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, yampa kila mshtakiwa haki ya kudhaniwa kuwa hana hatia mpaka kinyume chake kithibitishwe. Lakini katiba husomwa mahakamani, na watu wengi hupoteza riziki yao mahali ambapo hapana hakimu.

Najua utakalonijibu, kwa sababu wanafunzi wangu wamekwisha kunijibu hivyo. Utasema kwamba bonge la pafu huua, na kwamba ni heri kuwadhania watu mia kuliko kumwacha mmoja afe; tahadhari kabla ya hatari. Jibu hili si la kupuuzwa. Daktari anayeachilia kila kipimo kilichopanda ni mzembe, naye atazika. Lakini tazama tahadhari inavyogharimu. Aliyeshukiwa hupelekwa kwenye mashine ya kupiga picha za ndani ya kifua, na mashine hiyo haipatikani katika kila zahanati. Kwa mgonjwa atokaye mbali picha hiyo ni nauli, ni siku za kazi zilizopotea, ni mbuzi aliyeuzwa. Mwili wake hupitishwa mionzi, na dawa ya rangi inayotiwa katika mshipa yaweza kusumbua figo zilizo dhaifu. Na ikiwa daktari, kwa haraka au kwa kukosa mashine, atampa dawa ya kuzuia damu kuganda pasipo kuhakikisha, huenda mtu asiyekuwa na bonge akavuja damu tumboni au hata ubongoni. Tahadhari ina bei, basi, na anayeiamuru si daima ndiye anayeilipa. Waliomfukuza yule mama nao walisema kwamba wanatahadhari.

Liko swali jingine ambalo limenishughulisha zaidi kuliko hili, nalo ni la mizani. Tumefundishwa kwamba haki ni kupima watu wote kwa kipimo kimoja. Mwenye duka mwenye mawe mawili ya mizani, moja la mgeni na moja la mwenyeji, twamwita mwizi. Kwa miaka mingi madaktari waliwapima vijana na wazee kwa mpaka ule ule wa 500, na hapana aliyeweza kuwalaumu kwa upendeleo. Matokeo yake yalikuwa kwamba wazee karibu wote walioneshwa kidole. Kisha ukafanywa utafiti katika Ubelgiji, Ufaransa, Uholanzi na Uswisi, na habari zake zikatangazwa mwaka 2014. Mtu aliyepita miaka 50 aliwekewa mpaka wa umri wake uliozidishwa kwa 10, hivyo mzee wa miaka 70 mpaka wake ukawa 700. Kati ya wagonjwa waliofika miaka 75 au zaidi, ambao shaka juu yao haikuwa kubwa, mpaka wa zamani uliwafungua 6 tu katika kila 100. Mpaka mpya ukawafungua karibu 30 katika kila 100, wala hapana hata mmoja aliyeongezeka katika hesabu ya wale walioachiliwa kumbe wana bonge.

Je, hii ni mizani ya yule mwenye duka? Mimi naona sivyo. Ule mpaka mmoja ulionekana kuwa swali moja kwa watu wote, lakini kwa kweli yalikuwa maswali mawili. Kijana alikuwa akiulizwa: je, una zaidi ya kawaida yako? Mzee alikuwa akiulizwa: je, u mzee? Naye mzee alijibu ndiyo, kwa kuwa hana namna ya kujibu vingine. Twaweza kutenda udhalimu mkubwa kwa kipimo kimoja kisichopinda, na mkono wetu usitetemeke. Mgeni katika kijiji huonekana siku zote akipita njia asizozipita mtu mwingine, kwa kuwa hazijui njia. Mtoto wa maskini huonekana siku zote amechelewa, kwa kuwa anatembea maili nne. Ukiwapima kwa kawaida ya mwenyeji na ya mwenye baiskeli, umewahukumu kwa kuwa walivyo, wala si kwa walilolitenda.

Hata hivyo usiende ukafikiri kwamba jibu la hapana ni malaika. Nalo lina mipaka yake. Bonge lililokaa majuma kadhaa laweza kuwa limenyamaza, lisitoe vipande vya kutosha. Mgonjwa aliyekwisha anza dawa za kuzuia kuganda huenda vipande vyake vimepungua. Na mtu ambaye dalili zake ni nzito tangu mwanzo, damu iliyo chini ya mpaka haitoshi kumwondolea shaka. Yeye hupelekwa kwenye picha moja kwa moja, pasipo damu yake kuulizwa neno. Kwa hiyo Philip Wells na wenzake wa Ottawa, huko Kanada, waliweka utaratibu ambao sasa wajulikana kila mahali: daktari kwanza apime shaka yake mwenyewe, kisha ndipo apime damu. Auliza, je, moyo unapiga zaidi ya mara 100 kwa dakika? Je, mtu huyu amepasuliwa katika majuma manne yaliyopita? Je, alipata kuwa na bonge hapo kabla? Je, anakohoa damu? Je, mguu mmoja umevimba? Kila jibu lina alama zake, na jumla yake ndiyo yaonesha kama shaka ni ndogo au kubwa.

Mwanafunzi mmoja mwerevu aliniambia kwamba huu ni ubaguzi uliovikwa koti jeupe. Ikiwa daktari ana maoni kabla ya ushahidi, alisema, basi amekwisha kuhukumu. Nilipenda pingamizi lake, na nadhani lastahili kujibiwa kwa makini. Hapana mtu aendaye mbele ya ushahidi akiwa hana maoni. Atakayesema hana, maoni yake yamejificha tu. Tofauti iko katika mambo mawili. Kwanza, maoni ya daktari yametokana na mguu uliovimba na moyo uendao mbio, si na kabila la mgonjwa wala nguo alizovaa. Pili, yameandikwa kwenye karatasi mahali ambapo mwingine aweza kuyasoma na kuyapinga, na jibu la damu likija laweza kuyabadili. Chuki haiandikwi, wala haibadiliki. Mwenye chuki akiambiwa kwamba mtu hakuonekana pale, husema amejificha vizuri. Akiambiwa kwamba alionekana, husema nilijua. Majibu yote mawili kwake ni ndiyo, na swali ambalo lina jibu moja tu si swali.

Mwaka 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipoanza kuenea, dunia nzima ilijifunza jina la D-dimeri. Madaktari wa Wuhan katika China walitangaza mapema mwaka huo kwamba wagonjwa waliolazwa wakiwa na zaidi ya mikrogramu moja kwa mililita walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Habari hiyo ilikuwa kweli na yenye manufaa. Lakini hofu ni mwalimu mwenye haraka. Pengi ile tarakimu ilianza kutendewa kama kwamba yenyewe ndiyo adui, na dozi kubwa za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, zilitolewa kwa sababu tarakimu ilikuwa imepanda. Majaribio makubwa yaliyotangazwa mwaka 2021 yalionesha jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Wagonjwa waliolazwa bila kuwa mahututi walipata nafuu kwa dozi kubwa, na nafuu hiyo haikutegemea kama D-dimeri yao ilikuwa juu au chini. Wagonjwa mahututi hawakupata nafuu. Tarakimu ilikuwa imetabiri hatari kwa haki, lakini haikuwa na haki ya kuamuru dawa. Kujua nani yu hatarini ni elimu moja. Kujua la kumfanyia ni elimu nyingine, nayo hupatikana kwa kujaribu na kulinganisha, si kwa kukazia macho alama ile ile.

Limebaki jambo moja dogo. D-dimeri haikai katika damu milele. Bonge likiisha, nusu ya vipande huondolewa kwa muda wa saa 8 hivi, na nusu ya vilivyobaki kwa muda kama huo tena, hata mwili ukarudi katika hali yake. Ndiyo sababu karatasi ya maabara huandikwa tarehe na hata saa ambayo damu ilitolewa, na daktari akiletewa karatasi ya mwezi uliopita hutaka damu nyingine. Majalada ya wafanyakazi na ya wanafunzi, ambayo nimeyapanga mengi katika makabati ya ofisi za shule, huandikwa tarehe pia. Lakini lile lililoandikwa ndani yake kwamba fulani alishukiwa husomwa baada ya miaka kumi kama lilivyosomwa siku ya kwanza, na anayelisoma haitishi damu nyingine.